Walionuniana Mlimani

Kakoli Samaddar alifunga mizigo ya likizo kama mtu anayehama nchi. Masweta, soksi nene, shali, kofia za sufu zile za kuvuta mpaka shingoni zikaacha macho na pua tu, chupa za chai, bisi za mchele, biskuti, dawa ya tumbo, dawa ya kikohozi, dawa ya homa, na vipande vya kafuri vilivyofungwa kwenye kitambaa, vya kunusa pumzi ikipungua. Mumewe Dibakar alisimama mlangoni akiyatazama masanduku, akatikisa kichwa.

"Mama Titir, umesahau jiko."

"Sikusahau. Lile dogo la mafuta liko ndani ya ndoo."

Dibakar alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtu wa kifua kipana, karani wa bima siku za kazi na golikipa wa klabu ya mtaa siku za Jumapili, na hakuna aliyekumbuka kumwona amelala mchana kwa ugonjwa. Kwake yeye maradhi yalikuwa mambo ya watu wasiokula samaki vizuri.

Lakini hofu ya Kakoli haikuota hewani. Daktari wa mtaani alikuwa amemkalisha kwenye benchi akamweleza taratibu. Huko juu kabisa karibu na theluji hewa ni nyembamba, na mtu akipanda kwa pupa kichwa humgonga kama ngoma, chakula kinamkataa, miguu inayumba kama ya mlevi, mwisho maneno yanavurugika, na asiposhushwa anakufa. "Mkipanda, laleni njiani mwili uzoee," daktari alisema. "Na mtu akizidiwa msihangaike na vidonge. Dawa ni kushuka." Kisha, Kakoli alipokuwa keshanyanyuka, akaongeza, "Watazameni sana watoto na wazee."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo aliyoondoka nayo. Akina mama tuna kawaida hiyo. Ukitupa onyo la watu wote, tunalikata kipande kinachomtosha mwana, kilichobaki tunakiacha mezani. Kakoli alikuwa na binti mmoja, Titir, wa miaka minane, na mama mkwe mmoja, bibi Nirupoma, mwenye moyo wa kumeza vidonge asubuhi na jioni. Kwa hiyo watu wa kufa katika safari hiyo walikuwa wanajulikana, na wote wawili alikuwa amewanunulia kofia.

Wakati wa sikukuu ya mungu Durga ni kama Kolkata nzima inapanda milimani. Ukifika kijiji cha Lachen unakuta kelele zile zile ulizozikimbia nyumbani, ila sasa zimevaa sufu. Akina Samaddar walifika hapo adhuhuri, wakitoka mji wa Gangtok kwa gari la kukodi la Phurba, mtu wa makamo wa huko huko milimani, mwenye jino la dhahabu na kaseti moja tu ya nyimbo. Mpango ulikuwa walale Lachen, kesho yake walale Thangu, juu zaidi, ndipo wapande kwenye ziwa takatifu. Bibi Nirupoma alikuwa na chupa tupu ya kutia maji ya ziwa hilo, na chupa hiyo alilala nayo chini ya mto tangu walipopanda treni.

Sasa, katika chumba cha kulia cha hoteli, walikutana na bwana Poltu. Poltu alikuwa wa mtaa wa pili nyumbani, na klabu yake ndiyo iliyomfunga Dibakar penalti mwaka uliopita, mpira ukipita katikati ya miguu yake.

"Kaka Dibakar!" Poltu aliita kutoka meza ya dirishani. "Na ninyi mnalala hapa na vikongwe?"

"Wewe je?"

"Mimi leo nalala Thangu. Alfajiri niko ziwani kabla ya upepo. Anayelala Lachen anafika kule mchana, anapigwa upepo, anapiga picha moja anakimbia."

Dibakar akafuta mdomo. "Kwani nani amekwambia tunalala hapa? Phurba! Mizigo isishuke."

Kakoli aliweka chini mkate wake wa puri. "Baba Titir, daktari amesema tulale njiani. Njiani ndiyo hapa."

"Nani mgonjwa? Mtoto anaruka kama mbuzi. Mama amekula puri kunishinda."

"Ziwa haliendi mahali. Litakuwepo kesho kutwa."

Dibakar alimtazama Poltu, akamtazama mkewe, akaona ni lazima achague wa kumfurahisha. Akageukia chumba kizima. "Jamani, mnamwona huyu mke wangu? Nyumbani akitaka kufungua friji anaanza kuvaa sweta!"

Watu wakaangua kicheko. Poltu akapiga meza mpaka vijiko vikaruka. Hata bibi Nirupoma alicheka, akifunika mdomo kwa ncha ya sari. Kakoli alihisi masikio yakimwaka ndani ya kofia.

"Sawa," alisema. "Nimenyamaza."

Na akanyamaza kweli.

Katika nyumba ya akina Samaddar hapapigwi kelele. Kelele ni za watu wasio na haya. Kuna kununa. Anayependwa ndiye mwenye haki ya kununa, na anayempenda ana wajibu wa kuja kumbembeleza, pole pole, kwa chai na kichwa cha samaki. Mpango wenyewe ni mzuri sana, ila siku ambayo wote wawili wamenuna. Hapo kila mmoja anakaa upande wake akingoja kubembelezwa, na mbembelezaji hayupo. Atakayefungua mdomo kwanza ndiye aliyeshindwa. Neno likilazimika, linapitia kwa mtoto. Dibakar naye, alipoona amenuniwa mbele ya Poltu, alinuna kwa sababu ya kununiwa, akaenda kukaa kiti cha mbele karibu na Phurba.

Barabara ya Thangu inapanda kama ngazi ya mwizi. "Titir," alisema Kakoli kutoka nyuma, "mwambie baba yako afunge kioo, bibi anapigwa na baridi."

"Baba, funga kioo."

Dibakar akafunga. "Mwambie mama yako kioo kimefungwa."

"Mama, kimefungwa."

Phurba aliwatazama kwenye kioo chake. "Kwani hawa hawasikilizani?"

"Wamenuniana," Titir alisema, kama anayetaja hali ya hewa.

"Mpaka lini?"

"Mara ya mwisho ilikuwa mpaka matokeo ya mtihani."

Phurba akaongeza sauti ya kaseti.

Walifika Thangu jua likiwa bado kwenye vilele, wakaingia nyumba ya wageni ya mbao yenye jiko la kuni katikati. Kakoli alianza kazi aliyoijia. Alimpima Titir kipaji cha uso kwa kiganja, akampima bibi mapigo ya mkono, akamnusisha huyu kafuri, akamnusisha yule, akawavisha soksi juu ya soksi. "Kichwa kinauma?" "Hapana." "Kichefuchefu?" "Hapana, Mama." "Mama mkwe, kifua?" "Kifua kizuri, mwanangu, tumbo ndilo tupu." Chakula kilipoletwa, wali na dali ya dengu na mayai ya kuchemsha, Titir alikula sahani nzima, na bibi Nirupoma aliomba aongezewe wali, akaomba tena.

Dibakar hakula. Alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha pembeni, uso ukutani, mkono juu ya kichwa.

Kwa wanaonuna, kulala bila kula ndicho cheo cha juu. Kakoli aliiona ile sahani inapoa, moyo ukamchoma kidogo. "Titir, mwambie baba yako chakula kinapoa."

Mtoto alikwenda, akarudi. "Anasema hataki."

"Usimbembeleze," alisema bibi Nirupoma huku akichambua yai. "Baba yake alininunia kwa ajili ya chumvi ya dali mpaka mvua zikakatika. Wanaume wa ukoo huu, ukiwabembeleza bila sababu, watakununia kila Jumapili."

"Lakini hajala, Mama."

"Njaa itambembeleza. Nisogezee huo wali."

Na ni hapo, mbele ya macho yake, ule ugonjwa wa daktari uliingia chumbani. Ulimpita mtoto mwenye soksi mbili, ukampita kikongwe mwenye vidonge, ukaenda kulala kwenye kitanda ambacho hakuna aliyekiangalia. Laiti Kakoli angegeuza shingo. Lakini shingo ya mtu aliyenuna ni ngumu kuliko mti wa msaji.

Giza lilipoanza kuingia Dibakar alitoka nje, akakaa sana. Titir alimfuata, akarudi peke yake, ametulia kupita kawaida yake. Kakoli alitafuta njia ya kuuliza isiyokuwa ya kushindwa. Mwisho akasema, "Muulize baba yako kama ataweza safari ya kesho. Sema bibi ndiye anayeuliza."

Titir alikwenda mpaka mlangoni, akasimama, akarudi. Alikuwa anachezea uzi wa sweta. "Anasema yeye ni mzima kama mwamba wa goli."

Hayo yalikuwa maneno ya Dibakar hasa, kila mtu mtaani aliyajua. Kakoli akapumua. Kisha, kwa kuwa moyo wa binadamu hauna shukrani, akakasirika upya. Mzima kama mwamba wa goli, na amekataa chakula cha watu!

Asubuhi waliondoka kabla ya jua. Baridi ilikuwa ya kuvunja meno. Dibakar alitoka chumbani kamba za viatu zikiburuzika na sweta amelivaa nje ndani. Kakoli aliona. Aliona vizuri kabisa, akajiambia: anataka nimrekebishe. Nikisema tu "sweta lako," nimeshindwa. Basi simrekebishi ng'o, aende hivyo hivyo Poltu amwone. Dibakar alipofika kwenye gari aliyumba, akashika mlango kwa mikono miwili kama mtu aliye majini. Kakoli akageuka upande. Kila mwaka Dibakar aliigiza katika mchezo wa klabu, na watu walikuwa wakimsifu kwamba anajua kufa vizuri jukwaani.

"Bisi, bisi," Phurba aligawa vifuko vya bisi za mahindi. "Tafuneni njia nzima. Kichwa hakitauma. Abiria wangu wote nawapa bisi."

Gari likapanda. Watu wote wakatafuna, mtoto, kikongwe, dereva, Kakoli mwenyewe akitafuna bila kuonja kitu, jicho lake likitoka kwa Titir likienda kwa bibi. Mdomo wa mtoto una rangi. Pumzi ya bibi inakwenda vizuri. Kifuko cha Dibakar kilikaa mapajani hakijafunguliwa. Walipita kituo cha wanajeshi, askari akakagua vibali akawapungia mkono. Baada ya hapo miti iliisha, nyasi zikaisha, ikabaki nchi ya mawe na vilele vyeupe pande zote. Bibi Nirupoma alikumbatia chupa yake tupu akaanza kuomba kwa sauti ya chini.

Phurba alisimamisha gari kwenye kibanda cha chai. "Kilima kile pale tu," alisema, "na ziwa liko nyuma yake. Kunyweni chai, tumalizie."

Kakoli alifungua mfuko wa machungwa aliyoyabeba kwa uangalifu kutoka Gangtok, akampa Titir amgawie kila mtu. Dibakar alipokea lake. Alilimenya vizuri, kwa subira kubwa, ganda likatoka kipande kimoja kirefu. Kisha akaanza kurusha chungwa dirishani, kipande baada ya kipande, na ganda akalitia mdomoni akatafuna.

Damu ilimpanda Kakoli. Hata kununa kuna mipaka! "Titir! Mwambie baba yako kama hataki machungwa yangu asiyatupe. Arudishe."

Titir hakusogea.

"Titir, husikii?"

Mtoto alipasuka kwa kilio. "Sitaki! Sitaki kumwambia tena! Hajibu! Tangu jana hajibu!"

"Hajibu vipi? Si umesema ni mzima kama mwamba wa goli?"

"Nilisema mimi." Kamasi na machozi vilichanganyika ndani ya ile kofia ya sufu. "Yeye alikuwa anatapika nyuma ya nyumba. Akasema usimwambie mama yako, atasema si nilikwambia. Halafu nilipomuuliza tena akasema niondoe tramu mlangoni. Mama, Thangu kuna reli za tramu kama kwetu?"

"Na mbona hukuniambia?"

"Mngerudi. Mimi nilitaka kuona ziwa. Na mngegombana."

Kakoli aliyasikia maneno ya daktari yakirudi yote, na kile kipande alichokiacha mezani kikaja pamoja nayo. Kichwa. Chakula kukataa. Miguu. Ganda la chungwa lilikuwa linasikika likitafunwa. Na hata hapo, na hili ni la kumtia mtu aibu, kwa muda wa pumzi moja ulimi wake ulikataa. Tangu jana mchana alikuwa anashinda. Kilima kimoja tu kilibaki.

"Baba Titir," alisema.

Dibakar akaendelea kutafuna ganda.

"Baba Titir! Hebu nitazame."

Dibakar aligeuka pole pole. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Alimtazama mkewe kwa adabu nzuri sana, kama mtu anavyomtazama abiria mwenzake asiyemjua.

"Samahani, dada," alisema. "Hiki ni kituo gani?"

Kakoli aliruka kutoka kiti cha nyuma. "Phurba, geuza gari!"

"Dada, kilima kile pale tu. Kila mtu huumwa hapa. Mpe bisi."

"Nimesema geuza!"

"Mwanangu," bibi Nirupoma alisema, akiinua chupa, "tumefika. Nichote tu maji, tugeuze. Nimeliomba ziwa hili tangu nikiwa mwari. Huyo amenuna tu, namjua, nimemzaa. Baba yake alipokuwa..."

"Mama, ameniita dada."

Bibi Nirupoma aliishusha chupa. Aliinama mbele, akamshika mwanawe bega. "Khoka," aliita, jina la utotoni. "Khoka, baba. Ni mimi." Dibakar alikuwa anatazama kile kilima, akitafuna. Hakugeuka. Kikongwe alikitazama kilima kile kile, akaitazama chupa. Kisha akainua fimbo yake akampiga dereva begani. "Umeambiwa ugeuze! Huna masikio?"

Gari liligeuka juu ya mawe. Kakoli alimvuta mumewe kiti cha nyuma, akamlaza begani, bibi akahamia mbele. Aliitafuta kafuri, akaitupa. Alizitafuta dawa zote, ya tumbo, ya kikohozi, ya homa, mfuko mzima wa maarifa yake, na hakuna iliyokuwa na jina la ugonjwa huu. Alichobaki nacho ni mdomo. Basi akasema. Maneno yote aliyokuwa ameyazuia tangu Lachen yalitoka kwa pamoja bila mpangilio: kwamba amemchukia sana pale mezani, kwamba ile siku ya friji alikuwa na homa na yeye anajua, kwamba asilale, kwamba Titir amelegea jino, kwamba asilale, kwamba akifa mlimani kwa kununa Poltu atacheka mpaka mazishini, kwamba sweta lake liko nje ndani na yeye aliliona tangu asubuhi, aliliona, Mungu amsamehe, aliliona.

Dibakar alimwegemea tu. Kichwa chake kilikuwa kizito kama gunia la mchele.

Kwenye kituo cha wanajeshi askari mmoja alichungulia ndani, akapiga kelele, wakaja wengine na mtungi wa oksijeni, wakamvalisha Dibakar kinyago cha hewa. "Mtungi nendeni nao," walisema. "Shukeni. Msisimame Thangu, msisimame popote kunywa chai. Shukeni tu." Phurba hakusema tena habari ya bisi. Alizima kaseti, akaendesha mikono ikimtoka jasho katika baridi ile, na kila kona bibi Nirupoma alisema, "Haraka, lakini usituue," naye akajibu, "Ndiyo, mama."

Wakapita Thangu. Nyasi zikarudi. Miti ikarudi, kwanza mifupi, kisha mirefu. Kakoli aliendelea kusema mpaka sauti ikakauka, akawa anasimulia bei ya dagaa na nani ameolewa mtaani, bora sauti isikatike. Walikuwa wameikaribia Lachen, maji yakiporomoka kando ya barabara, aliposikia kitu chini ya kile kinyago.

"Nini?" Aliinamisha sikio. "Umesema nini?"

"Mbona unapiga kelele hivyo?" alisema Dibakar.

"Mimi ni nani?"

"Eh?"

"Mimi ni nani, nakuuliza!"

"Mama Titir," alisema Dibakar, akifumba macho kwa uchovu, "umechanganyikiwa?"

Kakoli alilia mpaka kofia ikalowa. Bibi Nirupoma mbele naye alilia, akasingizia upepo, ingawa vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Hawakusimama Lachen. Walishuka mpaka hospitali ya chini kabisa bondeni, na huko Dibakar alilala akitiwa hewa na dawa, na daktari wa zamu alimtazama Kakoli akasema wangekaa huko juu mpaka jua la mchana wangerudi na mzigo wa namna nyingine.

Basi, wenzangu wenye nyumba, nani hajanuna? Nuneni. Nuneni kwa samaki, nuneni kwa ndugu wa mume, nuneni mpaka mkinai. Lakini nuneni tambarare, mahali ambapo hewa ya kupumua ipo na duka la dawa liko jirani. Ukipanda juu, mwulize mwenzio kwa mdomo wako mwenyewe kama anaumwa, hata kama ni yeye aliyekukosea. Na mtoto msimtume. Mtoto akibebeshwa maneno ya wazazi wake atayalainisha, kwa sababu anawataka wote wawili.

Walirudi Kolkata. Siku chache baadaye Poltu alikuja kutembea na mkewe, akaleta picha za ziwa, moja baada ya nyingine, Poltu mbele ya maji, Poltu mbele ya bendera za maombi, Poltu bila kofia. Dibakar, ambaye alikuwa amepona kabisa na hakukumbuka chochote tangu kitanda cha Thangu, alizitazama akaguna.

"Na sisi tulifika pale pale," alisema. "Kilima kimoja tu. Ila Mama Titir, unamjua mwenyewe. Akashikwa na woga, ikabidi tugeuze."

Poltu akaanza kucheka. Kakoli alikuwa anamimina chai. Zamani angeweka birika chini, akaingia jikoni, na nyumba ingekaa kimya mpaka wiki ya pili.

"Ulikuwa unatupa chungwa unakula ganda," alisema, hata kumimina hakuacha. "Ukaniita dada. Ukaniuliza kituo gani."

Kicheko cha Poltu kikabadili njia. Mkewe ndiye aliyecheka zaidi. "Kaka Dibakar! Dada?" Titir, kutoka sakafuni alipokuwa akichora, akaongeza, "Na sweta lilikuwa nje ndani." Bibi Nirupoma akafunika mdomo kwa ncha ya sari.

Dibakar aliinuka. Aliingia chumbani, akafunga mlango nusu, na saa ya chakula ilipofika, samaki wa haradali ametengwa mezani, hakutoka. Titir alitumwa na bibi yake, si na mama yake, akarudi akasema, "Baba amelala. Amegeukia ukutani."

Kijiko kilimwanguka Kakoli. Alikwenda mbio na mikono ya haradali, akawasha taa, akapanda kitandani kwa magoti, akamshika mumewe kidevu akamgeuza.

"Mimi ni nani?"

"Niache. Nimenuna."

"Najua umenuna. Mimi ni nani?"

"Mama Titir."

"Hilo ni la mtoto. Taja jina langu."

Dibakar alitazama mlango. Katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kulitaja jina hilo watu wakisikia. "Wapo sebuleni," alinong'ona.

"Waache wasikie."

"Kakoli."

"Tunakaa mtaa gani?"

Akautaja.

"Tramu iko wapi?"

"Tramu iko barabarani, mwanamke wewe, inapita mbele ya duka la viatu, kama ilivyopita jana!" Dibakar alipiga kelele mpaka sebuleni mkewe Poltu akasema loo. "Unataka nini zaidi?"

Kakoli aliyachunguza macho yake, la kulia, kisha la kushoto. Yalikuwa mekundu kwa hasira, na yalikuwa yanamjua. Alimrudisha kichwa kwenye mto, akamvutia shuka mpaka mabegani, akazima taa.

"Haya," alisema. "Sasa nuna."